Vlkolínec: Mazingira na Hatima ya Kijiji cha Slovakia

Makala haya yanachunguza uhusiano wa jiografia na historia katika Vlkolínec, kijiji kidogo cha Slovakia ya kati. Kijiji hicho kipo katika milima ya Veľká Fatra, chini ya kilele cha Sidorovo, kwenye mwinuko wa mita 718 hivi. Kiutawala, ni sehemu ya mji wa Ružomberok. Jina lake huhusishwa na neno la Kislovakia *vlk*, yaani mbwa mwitu.

Kijiji kilitajwa katika maandishi mwaka 1376. Wakazi wake walitegemea misitu, mifugo na vishamba vyembamba vya miteremkoni. Mazingira hayo yanadhihirika katika ujenzi: misingi ya mawe, kuta za magogo zilizokandikwa udongo na kupakwa chokaa, na mapaa ya mbao. Mnara wa kengele, nao wa mbao, ulijengwa mwaka 1770.

Mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani yalichoma sehemu ya kijiji. Mwaka 1993, Slovakia ilipopata kuwa dola huru, UNESCO iliingiza Vlkolínec katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hata hivyo, wakazi wa kudumu wamebaki wachache mno, ilhali watalii ni wengi. Orodha huhifadhi magogo. Haifyeki majani wala kulima vishamba. Hivyo basi, kilichohifadhiwa ni umbo la maisha ambayo waliyoyaishi wanazidi kupungua.