Jiberelini na Usingizi wa Mbegu za Mlimani

Mizizi michungu ya Gentiana lutea, mmea wa milima ya Alps, huchimbwa kwa ajili ya dawa na vileo. Ndiyo sababu wakulima hutaka kuuotesha. Mbegu zake, hata hivyo, hulala. (Wasemao “zimekufa” hukosea lugha na sayansi pia.) Usingizi huo ni kinga, kwani mche uchipuao theluji ikikaribia huangamia. Kwa desturi mbegu huamshwa na majuma kadhaa ya ubaridi wenye unyevu. Homoni iitwayo jiberelini huweza kushika nafasi ya ubaridi huo, mbegu zilowekwapo katika mmumunyo wake. Kipimo kisipuuzwe: homoni hiyo ilijulikana baada ya Eiichi Kurosawa wa Japani kuonyesha, mwaka 1926, kuwa kemikali itokayo kwenye kuvu ndiyo iliyorefusha miche ya mpunga kupita kiasi. Mbegu iliyozidishiwa huchipua upesi, lakini mche wake huwa mrefu, mwembamba na dhaifu.