Kazi ya Beki

Mfungaji hushangiliwa. Beki tunamkumbuka akikosea. Tumtazame Lilian Thuram, mzaliwa wa Guadeloupe. Alianza kucheza mpira wa kulipwa Monaco mwaka 1991, akaenda Parma na Juventus za Italia, halafu Barcelona. Timu ya taifa ya Ufaransa aliichezea mechi 142. Mabao je? Mawili tu! Aliyafunga siku moja, nusu fainali ya Kombe la Dunia, 1998. Kroatia ilitangulia kufunga, maana Thuram alibaki nyuma ya mabeki wenzake, basi Suker hakuwa ameotea. Thuram akasawazisha, akaongeza la pili. Mwaka 2008, akiwa na miaka 36, alipimwa ili ajiunge na Paris Saint-Germain. Madaktari wakakuta moyo una kasoro. Akaacha mpira.