Kubwa na Ndogo Zisubiri, Kwanza Asome “Aba”

Mdogo wangu wa Haifa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ati mwanao wa darasa la kwanza kaambiwa irabu za Kiebrania zipo “kubwa” na “ndogo”, basi akifika kwenye kubwa anapaza sauti, kwenye ndogo ananong’ona! Mimi nimecheka kwa niaba yako. Wewe usimcheke, wala usimgombeze. Kafanya alivyoambiwa. Tatizo ni kwamba kapewa sarufi kabla hajapewa kusoma.

Mgawanyo huo una mwenyewe. Karne ya 12, mwanasarufi Yosef Kimhi wa Narbonne, kusini mwa Ufaransa, alizipanga irabu kumi: tano ndefu, ndizo hizo “kubwa”, na tano fupi, ndizo “ndogo”. Wataalamu wa Tiberia, waliobuni alama zenyewe karne kadhaa kabla yake, walikuwa na sauti saba tu. Mpango wa Kimhi unamfaa mwanafunzi wa sarufi anayetafuta silabi inafungwa wapi, na alama iitwayo sheva itamkwe wapi, inyamaze wapi. Mtoto wa miaka sita ana haja gani nao?

Hebu mwandikie neno “aba”, yaani baba. Chini ya herufi alefu kuna kistari kilicholala: hiyo ni pataha, ndiyo “ndogo”. Chini ya herufi beti kuna kistari kama hicho, ila kina kimkia kinachoning’inia: hiyo ni kamatsi, ndiyo “kubwa”. Sasa litamke kama majirani zako wanavyolitamka. A-ba. “A” ya kwanza na ya pili ni sauti ile ile.

Kwa hiyo mpangie kwa sauti. Matamshi ya Israeli ya leo yana a, e, i, o, u, zile zile alizozisikia kwako tangu mgongoni. Anza na nyumba ya “a”: pataha na kamatsi wanakaa humo pamoja. Nyumba ya “e” ina tsere, nukta mbili zilizokaa bega kwa bega, na segoli, nukta tatu kama mafiga. “I” ni hiriki, nukta moja chini. “O” ni holamu, nukta inayokaa juu. “U” ina shuruki, nukta tumboni mwa herufi vavu, na kubutsi, nukta tatu zinazoteremka kama sisimizi ngazini.

Usimmwagie zote siku moja. Nyumba moja ikikaa kichwani, ndipo fungua nyingine. Kidole kianzie kulia: kiguse herufi, kishuke kwenye alama, ndipo kisogee kushoto. Shika herufi memu, mwimbishe ma, me, mi, mo, mu, kama sisi tulivyoimbishwa ubaoni. Majina ya alama yasikutie presha. Akiona mafiga akasema “e”, kasoma.

Kuna mtego mmoja. Kamatsi mara chache husomwa “o”, kama katika “kol”, yaani “-ote”. Hapo usimpe kanuni. Mpe neno zima alizoee kwa macho, kanuni atakutana nayo mbele ya safari.

Na wewe uliyesoma Kiarabu chuoni usijione mgeni kabisa. Pataha na fataha ya Kiarabu ni ndugu: majina yote mawili yametoka kwenye mzizi wa kufungua, kwa kuwa kinywa hufunguka ukisema “a”.

Mwalimu wake mwendee kwa adabu, umwombe akuruhusu nyumbani mwende kwa sauti. Chati ya irabu kubwa na ndogo usiichane. Iweke kabatini. Siku moja mtoto atakuuliza mwenyewe, “Mama, mbona ‘aba’ ina alama mbili tofauti na sauti ni moja?” Siku hiyo itoe, mkae chini, mwambie habari za Kimhi.

Dada yako.