Usalama Barabarani: Nguzo Inayosamehe Kosa la Dereva

Marekani, masanduku mengi ya barua husimama kando ya barabara. Shirika la posta la huko hushauri nguzo ya sanduku iwe ya mbao yenye upana wa inchi 4 au bomba la chuma la inchi 2, isifukiwe zaidi ya inchi 24. Ikigongwa, huvunjika au hulala. Nguzo ya saruji haisogei, na kijana aliyeanza juzi kuendesha gari huweza kufa kwa kosa dogo.

Kwetu, hatari ni mawe makubwa yaliyopakwa rangi na vyuma vilivyochimbiwa langoni, ndani ya hifadhi ya barabara. Wakazi wanahimizwa kuviondoa. Kijana akikosea aelekezwe, asizikwe.