Sonona kwa Wakongwe: Ugonjwa Unaodhaniwa Kuwa Uzee

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu furaha, hamu na nguvu kwa wiki mbili au zaidi mfululizo, tofauti na huzuni ya kawaida, ambayo hupungua kadiri mtu anavyofarijiwa. Kwa wakongwe, yaani waliotimiza miaka 80 na kuendelea, ugonjwa huu mara nyingi hauji na machozi: mgonjwa hulalamikia mgongo, tumbo au kukatika usingizi alfajiri, chakula humchosha, aliyekuwa msemaji hujibu kwa neno moja, na kwa kuwa kila dalili yaweza kusingiziwa umri, jamaa huridhika kwamba bibi amechoka tu.

Wengi huamini kuwa kijijini mzee hawezi kuwa mpweke, imani inayostahili kutiliwa shaka. Katika vijiji vingi vya Tanzania vijana wamehamia mijini, na mkongwe amebaki na wajukuu wa kulisha, shamba asilolimudu tena na zahanati iliyo mbali. Usukumani, kaskazini-magharibi mwa nchi, baadhi ya vikongwe wa kike wamewahi kuitwa wachawi na kutengwa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo aghalabu ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mjini huduma zi karibu, lakini mzee aliyehamishiwa kwa mwanawe Dar es Salaam huweza kushinda ndani peke yake hadi jioni, bila jirani wa kuamkiana naye wala kazi ya kumfanya ahitajike. Kukosa kuhitajika, pengine kuliko umaskini wenyewe, ndiko kunakopuuzwa zaidi.

Mgonjwa apelekwe kituo cha afya pamoja na dawa zote anazotumia, kwani upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa huweza kuleta dalili kama za sonona. Sonona hutibiwa kwa mazungumzo ya ushauri na kwa dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Amitriptilini, dawa ya siku nyingi, huweza kumfunga mkongwe choo, kumchanganya akili, au kushusha shinikizo la damu anaposimama hata akaanguka, hivyo mabadiliko hayo yaripotiwe mapema.

Mzee anaporudia kusema kuwa amechoka kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na viuatilifu vya shambani vifungiwe mahali asipofika.