MAHALI HUTUKUMBUSHA, LAKINI DAFTARI HALISAHAU

Umewahi kwenda kwa jirani kuomba kitu, ukafika umesahau ulichofuata? Unarudi jikoni, unaona chungu juu ya mafiga, mara unakumbuka: "Kumbe nilifuata chumvi!" Kwa nini inakuwa hivyo?

Tunapojifunza jambo, akili haihifadhi maneno tu. Inahifadhi pia mahali tulipokuwa, sauti, harufu na vitu tulivyoviona. Baadaye kimoja kikitokea huvuta vingine, kama kamba inavyovuta wavu.

Harufu ina nguvu sana. Sehemu ya ubongo inayopokea harufu iko karibu na sehemu za hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana mtu wa Kirumba aliyehamia mbali, akinusa dagaa wakavu sokoni, mwalo mzima humrudia.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Uingereza, Godden na Baddeley, walitoa habari za jaribio lao. Wapiga mbizi walijifunza maneno nchi kavu na chini ya maji. Maneno waliyojifunza majini waliyakumbuka zaidi majini, na ya nchi kavu, nchi kavu. Lakini jaribio hilo liliporudiwa, matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 hayakuwa hivyo. Basi mahali husaidia, ila tusipategemee mno.

Tuchukue mfano wa ugomvi wa mashamba. Mzee akiulizwa ofisini mpaka uko wapi, anasitasita. Mpelekeni shambani. Akiona mnyaa na jiwe, anaeleza yote: nani alipanda, nani walikuwepo, mvua gani ilinyesha.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Mnyaa unaweza kukatwa, ukapandwa mwingine hatua kumi ndani ya shamba. Mzee akiuona atasema, "Ni huu huu." Hasemi uongo. Macho yamemdanganya, na watoto wa marehemu wamepoteza shamba.

Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapofaa. Mpaka ukiwekwa, andika papo hapo:
- tarehe na jina la mahali;
- alama zilizopo, na hatua kutoka alama moja hadi nyingine;
- majina ya majirani wa pande zote;
- sahihi au dole gumba la kila shahidi.

Kisha nenda Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kuomba hati ya hakimiliki ya kimila.

Tuwasikilize wazee wetu, tutembee nao mashambani. Lakini wanapokumbuka, sisi tuandike.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ni harufu gani inayokukumbusha utoto wako?
2. Kwa nini mzee alikumbuka shambani kuliko ofisini?
3. Kwa nini mtu mkweli anaweza kuonyesha mpaka usio sahihi?
4. Je, mipaka ya shamba lako imeandikwa? Kama bado, utaanza na jirani yupi?