Fuata Gunia Moja la Korosho

Kampuni nyingi zikitaka kuheshimu haki za binadamu huanza kwa kuandika sera na kuitundika mapokezi. Mimi nakushauri uanzie ghalani. Chagua gunia moja la korosho unazofungasha, kisha ulifuate kinyumenyume: kutoka kwako hadi kwa mbanguaji, hadi ghala la chama cha msingi, hadi chini ya mkorosho wenyewe huko Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara. Kila lilipopita, uliza aliyelishika alilipwa nini na kazi hiyo ilimuumiza wapi.

Chumba cha kubangulia usikipite haraka. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Anayebangua kutwa bila kinga, vidole vinageuka vyeusi na ngozi inabambuka. Kwa hiyo kabla ya kuomba faili lolote, salimia, kaa, tazama mikono. Ukiambiwa glavu zipo, uliza zilibadilishwa lini mara ya mwisho. Tena ujue kwamba glavu hupunguza kasi, na mtu anayelipwa kwa kilo atazivua ili watoto wale. Usimgombeze, kagua anavyolipwa.

Hesabu ya malipo hayo ifanye mwenyewe. Kaa na mbanguaji wa kasi ya kawaida, usikubali yule hodari unayeletewa na mnyapara. Pima alichobangua kwa saa moja, zidisha kwa saa za siku, toa anachokatwa kwa korosho zilizovunjika, kisha linganisha na kima cha chini cha mshahara cha sekta hiyo. Asipofikia, bei ya kilo ni mbovu hata kama karatasi zote zina mihuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida.

Sasa geukia meza yako, maana hapa wanunuzi wengi tunakwepa. Ukituma oda Ijumaa jioni ukataka mzigo Jumatatu asubuhi, umeshaamua kwamba kuna mtu atakesha. Ukichelewesha malipo, mwenye kiwanda kidogo anajikopesha kutoka kwenye mishahara ya vibarua wake. Niliwahi kumlaumu mmoja kwa kuwalipa wabanguaji mwezi mzima nyuma. Akafungua daftari akanionyesha ankara yetu, ina wiki tisa haijalipwa. Sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo ushauri wangu haubadiliki: lipa sehemu ya fedha mapema, toa ratiba ya oda kabla msimu haujaanza, na uandike kwenye mkataba kwamba oda ya dharura ina bei ya juu zaidi na nyongeza hiyo inawafikia walioifanya kazi.

Utasikia hoja kwamba kiwanda si chako. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, zilizopitishwa mwaka 2011, hazikubali jibu hilo: madhara yanayofungamana na bidhaa yako kupitia muuzaji wako nayo yanakuhusu.

Shambani, mfumo wa stakabadhi ghalani unakusaidia, kwa kuwa mzigo huacha karatasi hadi kwenye chama cha msingi. Korosho zisizo na karatasi, tena chini ya bei ya mnada, ziogope. Huenda ni kangomba: mkulima alibanwa na shida akauza kwa bei ya kutupa. Uliza pia nani hupulizia salfa wakati wa kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga, na anafunika pua kwa kitu gani.

Halafu kuna watoto. Sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi ya hatari. Ukimkuta mtoto kazini siku ya shule, usikimbilie kukata mkataba. Familia itahamia kwa mnunuzi asiyeuliza chochote. Zungumza na mzazi ujue kilichomtoa shuleni, mhusishe afisa ustawi wa jamii, pandisha kipato cha mtu mzima wa nyumba hiyo, na urudi mwezi unaofuata kuhakikisha yuko darasani.

Kisha kuna malalamiko kiwandani. Sanduku la maoni lililowekwa mlangoni kwa meneja halitapata karatasi hata moja. Waache wanawake wanaobangua wachague wasemaji wao, toa namba ya simu ya mtu asiye chini ya mnyapara, na chama cha wafanyakazi kiingie bila vikwazo. Rushwa ya ngono hustawi pale mwanamume mmoja anapoamua peke yake nani aitwe kesho, basi mnyang'anye daftari la zamu: orodha ipangwe na watu wawili au zaidi na ibandikwe hadharani. Bandika pia kwamba aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Sera iandike ukisharudi, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti kwenye chumba cha kubangulia kabla ya kutiwa saini. Wakisema kifungu fulani hakiwezekani, kirekebishe palepale.